Jicho Moja la Mdogo Wangu

...na sasa kidole gumba kinaanza kutetemeka, kidole changu mimi, kidole cha kinyozi, kilichoshika vichwa milioni tisa na hakijawahi kumchana mtu kwa wembe, haya, kimechana wawili, na yule wa pili alipiga chafya mwenyewe, kidole hicho hicho leo kinashindwa kushikilia kope moja ya jicho moja la mdogo wangu, kope yenyewe nyepesi kama ganda la kitunguu, lakini ukiiachia inashuka polepole kama mlango wa bati wa duka linalofungwa na hainyanyuki tena, na dokta ameshasema nisiiachie, "Shika hapo hapo, juu kidogo, usimbonyeze," halafu akawasha kitochi chake, akamwambia mdogo wangu afuate mwanga, kulia, kushoto, na jicho halikufuata kulia wala kushoto, lilikaa pale pale linanitazama mimi... kwa nini mimi, chumba kina watu wa kutazama, mkewe yuko ng'ambo ya kitanda na kitambaa chake chenye maji cha kumlowesha midomo maana mdomo umekauka kama chaki, dokta mwenyewe yupo, mwanamke mfupi, miwani imefungwa uzi mkono mmoja, kuna dirisha, kuna pazia la kijani na jua la saa nne asubuhi, vyote hivyo havitazami, ananitazama mimi, na nikitaka kuhama na uso wangu siwezi kwa sababu nimeshika kope. "Jicho moja tu," dokta alisema, "ukimfungulia yote mawili ataona kila kitu viwili viwili atapata kizunguzungu, kwa moja anaona sawasawa," basi kumbe, ningejua hilo Jumatatu ningemfunga kitambaa jicho moja akamaliza kazi kama jambazi wa baharini, ona, ona mdomo wangu, hata ndani ya kichwa unatafuta wa kuchekesha... "Bwana," dokta anasema, "nakuuliza tena, taratibu, wewe ndiye unayeshinda naye kazini, nini kilitangulia? Macho, ulimi, au mikono?" na kalamu yake imesimama juu ya karatasi, nami ninayeitwa Redio, mtaa mzima hawaniiti jina nililopewa na mama, wananiita Redio kwa sababu sizimwi, mimi nasema, "Aa... kwa kweli, dokta..." halafu naishiwa betri.

Macho, macho yalitangulia, nani asiyejua, benchi zima la wateja linajua, Jumatatu asubuhi mdogo wangu aliacha mashine inanguruma hewani, mbele yake mteja wetu mwalimu wa hesabu, kichwa cha tatu asubuhi hiyo, nusu kimenyolewa nusu bado, akasema kwa ile sauti yake ya kuomba radhi hata kama ni yeye kakanyagwa, "Kaka, nakuona wawili," nikamuuliza wawili akina nani, akasema, "Wewe. Upo wawili," na mimi badala ya kumshika mkono nikaligeukia benchi, nikasema mnasikia jamani, dunia nzima inalia inipate mmoja haijatosheka, huyu bwana kapewa wawili bure, na benchi likacheka mpaka kioo kikapasuka, haya hakikupasuka, kilitikisika, haya ilitikisika ile kalenda pembeni ya kioo, na mdogo wangu naye akacheka, akafumba macho akayafumbua, akarudi kwenye kichwa cha mwalimu na kunyoa hewa, mashine ikapita pembeni ya sikio kabisa, mwalimu akasema, "We kijana, sikio langu lipo huku," nikalipokea na hilo nikalifanyia kazi mpaka jioni, nikawaambia waliokuja baadaye kwamba mdogo wangu amegundua mtindo mpya, unanyoa kivuli cha mteja na mteja anapona. Siku hiyo alinyoa vichwa vitatu. Siku zote hunyoa kumi na tano. Mimi nilihesabu, kinyozi anahesabu bila kujua, lakini nilihesabu nikanyamaza, au sikunyamaza, ndiyo balaa lenyewe, niliongea kutwa...

Jumanne ni kope. Jumanne nilimpa jina, Bwana Usingizi, kwa sababu kope zilikuwa zimefika nusu na paji la uso limejikunja kwa kuzivuta, ananyanyua kidevu ili aone kwa chini, na mimi nimekaa na nyuso za watu miaka ishirini na miwili, karibu kuliko wake zao, mimi uso ukivimba jino naujua kabla mwenye jino hajaamka, uso ukiwa na uongo naujua, nilimtazama mdogo wangu kwenye kioo nikaona kabisa kwamba uso wake unashuka kuanzia juu, kama rangi mbichi ukutani, niliona, nikasema, "Bwana Usingizi, mkeo anakulaza saa ngapi?" na benchi likafanya kazi yake. Jumatano ni ulimi, aliongea kama ana kiazi cha moto mdomoni, maji aliyokunywa yakarudi puani, akapaliwa, akashika ukingo wa sinki na mgongo unapanda na kushuka, nikasema huyu anajifunza lugha ya watu wa ng'ambo, bado mitihani. Na choo pia, alinifuata nyuma ya pazia pale tunapoweka mataulo machafu, akaninong'oneza, "Kaka, sijapata choo tangu Ijumaa iliyopita," ninong'onezwe mimi, Redio, ni sawa na kunong'ona kwenye spika ya sokoni, nusu saa haikupita kila aliyeingia anamuuliza, "Vipi, mzigo umetoka?" naye anatabasamu lile tabasamu la upande... halikuwa la upande kwa aibu, nilidhani aibu, kumbe mashavu yalikuwa yameshaanza kukataa. Alhamisi shingo, kichwa kinaanguka mbele anakirudisha kwa kiganja. Ijumaa mikono, hawezi kuinua kitana. Juu kwenda chini, juu kwenda chini, kila siku ngazi moja, na kila ngazi nimeigongea msumari wa kichekesho, mtu akitaka tarehe hahitaji kalenda, aulize tu Redio alichekesha nini siku hiyo.

"Kwa sababu faili," dokta anasema, anafunua kurasa kwa kidole cha mwisho, "faili la zahanati linasema ilianza ghafla. Alhamisi," na mimi najua mstari unaofuata, nimeukariri toka jana aliposomewa shemeji, mstari wenyewe hautimii hata maneno matano, mgonjwa amelewa, anakunywa sana, na shemeji hakupiga kelele, angepiga kelele ningepona, alilishika lile faili kama sahani ya moto, akaniuliza pale kwenye korido, "Shemeji, wewe ndiye uliyempeleka, hiyo pombe nani kaisema? Huyu hajanywa hata siku ya harusi yake, mlimmiminia soda akatapika," nami nikamwambia nini, nikamwambia, "Hao wa zahanati, shemeji, wanaandika tu, wana haraka," na tulisema hayo wapi... korido ilikuwa na kelele tukasogea, tukasogea ndani, tulisimama hapa, hapa hapa miguuni pa kitanda hiki, nikalisema hilo juu ya mdogo wangu nikijua amelala kwa kuwa macho yamefumba, na leo asubuhi dokta ameingia, kitu cha kwanza kaliinamia sikio lake, akamwambia, "Mimi ni daktari. Najua unanisikia. Ukinisikia gusa mara moja," na kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kidole cha mkasi, kikagusa shuka mara moja. "Akili yake ni nzima kabisa," dokta akasema, "hiki kitu hakigusi akili, anasikia kila neno, msiseme mbele yake chochote ambacho hamtaki asikie." Kila neno. Bwana Usingizi. Mzigo umetoka. Wana haraka, shemeji.

Yule tabibu wa zahanati aliyeandika faili ni mteja wangu, kila wiki mbili namchonga ndevu, na foleni Alhamisi ile ilikuwa ndefu kutoka mlangoni mpaka bahari ya tano, haya, watu kama kumi na wawili, nimemkalisha mdogo wangu kwenye kiti kichwa kimelala begani kwangu, anaongea maneno yanayoteleza, na yule mteja wangu akachungulia akacheka, akasema, "Redio, huyu kapiga vitu nini?" Hapo. Hapo ndipo mahali penyewe, kama ningekuwa na mashine ya kurudisha siku ningerudi kwenye kiti kile cha plastiki cha bluu, nimwambie hapana, hajanywa, ananiona wawili toka Jumatatu, maneno sita tu, lakini foleni ilikuwa imegeuka kunitazama, watu wagonjwa, wana homa, wana watoto wanaolia, wanataka kitu, na mimi nikiona nyuso zimegeuka siwezi, ni ugonjwa kuliko huu, nikasema, "Vitu? Huyu anakunywa pipa, pipa zima na kifuniko chake, jana kamaliza kiwanda wafanyakazi wamepewa likizo," na foleni ikacheka, hata mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akacheka mpaka mtoto akanyamaza, nikajisikia nimefanya kazi ya maana siku hiyo, na yule akarudi ndani na tabasamu lake akaandika. Mimi sikujua wanaandika vichekesho. Niliishia darasa la sita, haya la tano, la sita nilikaa wiki mbili, nilidhani karatasi ya serikali inajua yenyewe lipi la kuandika na lipi la kucheka. Wakamtundikia chupa ya maji, wakasema akalale imtoke, nikamrudisha nyumbani kwa mkewe nikamwambia ni uchovu, na usiku huo na kesho yake kutwa sumu inashuka ngazi zake bila haraka, haina mteja mwingine.

Na mdogo wangu kwenye kile kiti alinyanyua macho, nusu ile iliyobaki, akanitazama, mdomo ukafanya "ka..." basi. Nilimpigapiga begani.

"Sikilizeni," dokta anasema, na hili analisema kwa shemeji, analisema kwa upole, "nitarudia ili tuelewane. Wenzangu walidhani kiharusi. Kiharusi hakishuki hivi, pande zote mbili sawasawa, na akili nzima, na hana homa. Mimi nina wasiwasi na botulizimu," jina lenyewe kama la beki wa timu ya taifa, jana lingeniweka mjini mwezi mzima, "na sio ile ya chakula kibovu cha kopo, maana nyumba nzima mmekula sufuria moja na hamkuumwa hata mmoja. Kuna nyingine, ni adimu, mimi sijawahi kuiona ila vitabuni. Mbegu za hicho kijidudu zipo kwenye vumbi, kwenye udongo, sote tunazimeza zinapita, kwa sababu utumbo wa mtu mzima una wenyeji wake, hawazipi nafasi. Sasa mtu aliyepasuliwa utumbo, halafu akanywa dawa za kuua vijidudu muda mrefu, wale wenyeji wanakufa, nyumba inabaki tupu, mbegu inaota humo humo na kutoa sumu kidogo kidogo," na anafunua shuka anaonyesha lile kovu la tumboni, bado jekundu, la miezi miwili iliyopita utumbo ulipojisokota, "ila hapa imeandikwa dawa alikunywa siku saba. Siku saba sio nyingi," akasema, "ndiyo maana najiuliza," akafunika shuka, na shemeji akatingisha kichwa, siku saba, ndivyo anavyojua yeye.

Wiki sita. Wiki sita, dokta, siku saba ni za hospitali, wiki tano zilizobaki ni za Redio, mwenye duka la dawa namnyoa mimi, nilimwambia nipe vile vya rangi mbili, nyekundu na nyeusi, nikawa namwekea mdogo wangu kwenye kikopo cha poda pale dukani, asubuhi kimoja, mchana kimoja, mkewe asije akatuuliza, nikamwambia mimi nimewanyoa madaktari wanne, najua mambo ya ndani, hao wanakupa siku saba kwa sababu wanabana matumizi, tumbo lililopasuliwa linataka ulinzi, ukiacha mapema wanarudi na ndugu zao, naye kama kawaida, "Sawa, kaka," mtu ambaye tangu utotoni hajawahi kuniambia kitu kingine, nilimwambia aruke kutoka kwenye ukuta wa shule akaruka, akavunjika mkono, akamwambia mama ameteleza. Nilimpenda, nilifikiri ndiyo kupenda, kila kidonge nilimhesabia mimi mwenyewe kiganjani. Nilikuwa nawafukuza wenyeji.

"Choo tulichokipata asubuhi kimeondoka kwenye barafu, na damu," dokta anasema, kilikuwa kijiko kimoja, nesi alihangaika na maji na mpira saa nzima, "lakini majibu ni siku nne, tano, na hizo siku yeye hana," na anatazama kile kimashine kidogo alichompulizisha mdogo wangu, jana kilisoma namba, leo kimesoma nusu yake, hakuna aliyeniambia maana yake na nimeielewa, ngazi inayofuata ni kifua. "Dawa ya kuzima sumu haipo hapa, ipo kwa wanaoitunza, lazima nipige simu wailete leo. Nao hawatoi kwa kubahatisha, ziko chache. Wataniuliza ugonjwa ulianza wapi na siku gani, washuke nao siku kwa siku. Nikiwasomea ghafla na pombe, wataniambia nisubiri majibu," naye alishainama tena, akamuuliza mdogo wangu mwenyewe, ilikuwa sasa hivi, kabla hajaniambia nishike kope, "Mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Ulikunywa pombe wiki hii?" Na kile kidole, kilichogusa vizuri alipoulizwa kama anasikia, kilichogusa vizuri alipoulizwa kama huyu ni mkewe, hakikugusa. Hakikugusa mara moja wala mara mbili. Dokta akasubiri. Shemeji akasubiri. "Amechoka," dokta akasema, akachora kistari tu.

Hajachoka. Namjua mimi. Mara mbili, kitu gani kugusa mara mbili, kidole kile kimekata nywele tangu ana miaka kumi na saba, lakini akigusa mara mbili mkewe atauliza sasa nani kasema, na aliyesema amesimama hapa, na yeye amelisikia nililomjibu mkewe miguuni pa kitanda, kwa hiyo anasubiri aone. Anashuka ngazi ya mwisho na bado ananifichia. Ameteleza, mama. Ameteleza tena...

na kidole gumba kinatetemeka, na jicho linanitazama, halina hasira, lingekuwa na hasira ningeishika hasira ile kama mpini, linanitazama vile alivyonitazama juu ya ukuta wa shule kabla hajaruka, la kushoto limefumba, la kulia nimelishika, na kwa jicho moja anaona sawasawa, dokta kasema, hakuna wawili, Jumatatu alikuwa na mmoja wa kucheka naye na mmoja wa kumsubiri amshike mkono, leo nipo mmoja, na huyo mmoja hana benchi, hana foleni, ana shemeji upande ule na kalamu upande huu, na nikisema, shemeji hatanisamehe, nikisema zahanati itajulikana, nikisema mtaa utajua Redio alisema nini, nimepiga hesabu zote na zote zinatoka kwangu, hakuna hata moja inayotoka kwake, yeye anachotoa ni pumzi tu, na kila ninapomeza mate, mimi ninayeweza kumeza mate, muda unaomeza ni wake...

"Bwana?" dokta anasema. "Kama hukumbuki, sema hukumbuki."

Nakumbuka. Nimekumbuka vibaya maisha yangu yote kwa makusudi, samaki mdogo nikamfanya nyangumi, lakini hili lipo kama lilivyo, halihitaji hata punje ya kuongezwa, na ninavuta pumzi nijue nianzie wapi, na kwa mara ya kwanza sitafuti nani ananitazama kwa sababu namjua, naweka kidole vizuri, juu kidogo, simbonyezi, kope imetulia, nashangaa kidole hakitetemeki tena, na kwenye shuka, pembeni ya kiuno, sijui kama wengine wameona, kidole cha mkasi kimegusa, mara moja.

"Hajanywa," nasema. "Nilisema mimi. Andika Jumatatu, saa tatu asubuhi, kichwa cha tatu."